Mandhari

Kwa mkazi wa Wazo, wilayani Kinondoni, mandhari ni kilima kinachochimbwa mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji. Kwa kijana wake anayetumia Linux, mandhari ni picha aliyoitandaza kwenye skrini. Wote wawili wako sahihi.

Neno hili limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, mzizi uleule uliotupatia nadhari na nadharia. Mandhari ni sura ya mahali jinsi jicho linavyoipokea yote kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba menyu za Kiswahili hulibebesha neno hilo mizigo miwili: picha ya nyuma, na mpango mzima wa rangi, vitufe na fremu za madirisha. Katika Linux mambo hayo yametengana. Mtumiaji wa mazingira ya eneokazi kama Xfce au KDE Plasma anaweza kubadili picha na kuacha rangi zilivyo, au kubadili aikoni peke yake. Akiambiwa “badilisha mandhari”, ashike lipi?

Pendekezo langu: ile ya nyuma tuiite picha ya eneokazi, na neno mandhari libaki kwa sura nzima, kama asili yake inavyodai. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, mwaka 2004, ulithibitisha kuwa istilahi za programu huria zinaweza kutungwa hapahapa. Wafasiri wa leo, tenganisheni maneno haya mawili.