Mchakato, Utaratibu na Kumbukumbu

Mwenye duka la kuchapa na kujalidi tasnifu pale Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, akiambiwa aandike michakato yake, aghalabu huandika kanuni za wafanyakazi: fika saa mbili, usile dukani, usichati kazini. Hizo ni sheria za nyumba. Mchakato ni kazi zinazofuatana hadi kilichoingia kitoke kikiwa kitu kingine: faili linaingia kwenye flashi, kitabu chenye jalada gumu kinatoka. Namna iliyowekwa ya kuifanya kazi hiyo ndiyo utaratibu. Duka lina michakato hata kama halijawahi kuandika neno.

Toleo la 2008 la ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, lilidai mwongozo wa ubora na taratibu sita za maandishi. Toleo la 2015 liliondoa masharti hayo, likaleta istilahi moja pana ninayoifasiri “taarifa zilizorekodiwa”, ziwe kwenye karatasi, picha au simu. Dukani, hata hivyo, heri tuzigawe mara mbili. Waraka unaeleza kazi itakavyofanywa, na hubadilishwa kazi ikibadilika. Kumbukumbu inaonyesha kazi ilivyofanywa, na haichezewi.

Turudi kwenye tasnifu. Waraka ni karatasi moja iliyobandikwa juu ya mashine: hesabu kurasa, chapa nakala ya kwanza, mteja aikague na kutia saini, ndipo jalada lipigwe herufi za dhahabu. Kumbukumbu ni ile saini kwenye kitabu cha oda, pamoja na tarehe, rangi ya jalada na jina lilivyoandikwa. Mteja akija juu kwamba jina limekosewa mgongoni mwa kitabu, kitabu cha oda kinafunguliwa na mabishano yanakwisha.

Kiwango chenyewe kinataka taarifa hizo kwa kiasi kinachohitajika, na kinakiri kwamba ukubwa wa shirika hubadilisha kiasi hicho. Mshauri anayeliuzia duka la watu wanne mafaili mazito ya violezo hajakisoma kipengele hicho, au amekisoma akanyamaza. Cheti cha ISO 9001 nacho ni hiari.

Basi anza na kazi inayokuletea malalamiko mengi zaidi. Iandike inavyofanywa leo. Kama hatua ya mteja kukagua haipo, iongeze kwanza dukani, kisha kwenye karatasi.