Shushushu mwenye roho nzuri: aliwahi kuwepo?

Leo naweka historia kidogo, maana ubishi huu umenichosha kuusikia bila tarehe.

Kuna filamu moja hapa hosteli ambayo ikiwekwa usiku, kesho yake watu wanasinzia darasani. Siyo kwamba ni ndefu sana, ila ikiisha ndipo kelele zinaanza. Inaitwa Das Leben der Anderen, yaani Maisha ya Wengine. Ni ya Kijerumani, ilitoka 2006, mwongozaji ni Florian Henckel von Donnersmarck, na mwaka 2007 ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Ni filamu ya kijasusi lakini humo hamna magari yanayolipuka. Kuna jamaa tu kakaa darini, kavaa vya masikioni, anasikiliza maisha ya watu wa chini.

Ambao hamjaiona mnisamehe, nasimulia mpaka mwisho. Ni Berlin Mashariki, 1984. Kapteni Gerd Wiesler wa Stasi, yaani usalama wa taifa wa Ujerumani Mashariki, anamchunguza Georg Dreyman, mtunzi wa tamthilia. Kumbe nyuma ya kazi hiyo kuna waziri anayemtaka mwanamke wa Dreyman, mwigizaji Christa-Maria. Kadiri Wiesler anavyosikiliza ndivyo moyo unavyomlegea, mpaka anaanza kuandika ripoti za uongo. Dreyman anaandika kwa siri makala kuhusu watu wanaojiua nchini mwake, kwa taipu ndogo ya magendo yenye utepe mwekundu. Makala inatoka Magharibi, kwenye Der Spiegel. Christa-Maria anabanwa mpaka anataja taipu ilipofichwa. Wiesler anawahi kuiondoa, lakini dada wa watu hajui hilo. Wanaposaka nyumba anakimbilia barabarani, lori linamgonga, anakufa.

Haya, sasa ubishi.

Kambi ya kwanza inasema hadithi inavuja. Inakuwaje ofisa mmoja na msaidizi wake washike kesi nzima, anayesikiliza awe huyohuyo anayeandika, na hakuna anayehakiki? Kwa kweli hapa kambi hii ina hoja. Stasi iligawa kazi vipande vipande. Idara ya 26 ilihusika na kunasa simu na sauti za vyumbani. Idara Kuu ya VIII ilifuatilia watu na kukamata. Idara Kuu ya XX ilikuwa na wasanii, makanisa na wapinzani. Anna Funder, mwandishi wa kitabu Stasiland cha 2003, aliikosoa filamu kwa jambo hilihili: mfumo ulipangwa ili hata ofisa mwenyewe achunguzwe, kwa hiyo hata angetaka kumwokoa mtu asingepata mwanya. Tusisahau na ukubwa wake. Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa kama 91,000 katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Piga hesabu, ni mwajiriwa mmoja kwa kila watu 180, na hapo hujaweka watoa habari wa siri ambao walizidi 170,000.

Tobo la pili ni adhabu. Wiesler akishukiwa anashushwa tu kwenye chumba cha chini kufungua barua za watu kwa mvuke. Basi? Linganisha na Werner Teske, kapteni wa kweli wa Stasi. Huyu alichukua nyaraka akapanga kukimbilia Magharibi, na hata hakufika kuvuka. Tarehe 26 Juni 1981 alipigwa risasi ya kisogo huko Leipzig. Ndiye mtu wa mwisho kunyongwa na dola ile, kama tunavyosema hata pale ambapo kamba haikutumika.

Kambi ya pili inajibu vizuri lakini. Inasema bosi wake, Grubitz, hakuwa na ushahidi wowote mkononi, na kumshtaki Wiesler ni sawa na kutangaza kwamba idara yake mwenyewe ilikuwa imelala. Nani afanye hivyo na cheo anakitaka? Mimi hapo nawapa pointi. Aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi mwoga anaelewa.

Sasa tuje kwenye maadili, maana hapo ndipo watu wanataka kupigana. Christa-Maria ni msaliti? Wiesler ni shujaa? Ubishi huu haukuanzia hapa kwetu. Hubertus Knabe, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya gereza la Stasi la Hohenschönhausen, alikataa filamu isipigwe humo. Mwongozaji akamtolea mfano wa Schindler aliyeokoa Wayahudi. Knabe akamjibu, kwa maana, kwamba tofauti ni kuwa Schindler alikuwepo, Wiesler hakuwepo. Upande mwingine Wolf Biermann, mwimbaji aliyevuliwa uraia mwaka 1976, aliisifu. Joachim Gauck, mchungaji aliyewahi kusimamia mafaili ya Stasi na baadaye akawa rais wa Ujerumani, naye aliisifu. Hata Ulrich Mühe aliyeigiza Wiesler alikuwa mtu wa Mashariki aliyechunguzwa kweli na Stasi. Kwa hiyo waliobishana ni wenyewe walioumia, siyo sisi wa kupita njia.

Maoni yangu ni haya. Tobo kubwa la filamu ile siyo taipu. Ni mfungwa namba 227.

Mnamkumbuka? Wengi hapana! Yuko dakika za mwanzo kabisa. Anahojiwa kwa saa nyingi bila kulala kwa sababu rafiki yake kakimbia nchi. Anatishiwa kwamba mkewe atakamatwa na watoto watachukuliwa na serikali, ndipo anataja jina. Kitambaa cha kiti alichokalia kinahifadhiwa ili mbwa wapate harufu yake. Na kanda ya mahojiano hayo inachezwa darasani kama somo. Mwanafunzi mmoja anauliza kama kumnyima mtu usingizi namna ile siyo unyama. Mwalimu anaweka alama ya x kwenye jina lake. Mwalimu huyo ni nani? Ni Wiesler wetu, shujaa.

Filamu haimtaji tena 227, wala yule mwanafunzi mwenzetu, wala aliyetajwa jina lake. Wiesler aliokoa mtunzi mmoja mwenye kinanda na vitabu. Hao wengine walilipa, na hakuna aliyewarudishia.

Na tusidhani haya ni mambo ya mbali. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka huohuo. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, alikwenda Zanzibar mwenyewe kusaidia kujenga idara ya usalama, na ameyaeleza katika kumbukumbu zake. Wengi wetu tunazijua nyumba za Kikwajuni walizosaidia kujenga, ila hilo la usalama hatulisemi sana.

Wajerumani walifanya jambo moja la maana. Raia waliingia makao makuu ya Stasi tarehe 15 Januari 1990, na kuanzia Januari 1992 sheria ikamruhusu mtu kwenda kusoma faili lake. Ndiyo maana mwishoni Dreyman anakaa na lundo la karatasi, anakuta alama ya kidole ya wino mwekundu, anaelewa nani alimwokoa. Anamwandikia kitabu.

Lakini sheria ile inamhusu na 227. Naye angeweza kwenda siku hiyohiyo, akaketi meza ya jirani, akafungua faili lake. Humo angemkuta Wiesler yuleyule, bila wino mwekundu. Kabla hamjamwita mwema, niambieni: msamaha wa Wiesler unatoka kwenye meza ipi kati ya hizo mbili?