Mazuku Ndani ya Kikombe cha Kahawa

Mabanga ni mawe kwa Kilingala, na mtaa wa Goma wenye jina hilo, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, haumdanganyi mgeni. Mawe meusi ya volkano ndiyo msingi wa nyumba za mbao, ndiyo ua, ndiyo njia inayowavunja mgongo wenye pikipiki. Asubuhi moja nilisimama hapo kwenye garaji ya kando ya njia. Kijana alikuwa ameinamia beseni la esanse, yaani petroli, aliyoinunua kwa kadhafi, maana ndivyo tunavyowaita wauza mafuta ya chupa, akisafisha kabureta. Alipomaliza, akanawa mikono humo humo hadi viwikoni. Ngozi ikabaki nyeupe kama iliyopakwa unga wa muhogo. Nikamuuliza kwa nini hatumii maji na sabuni.

“Papa,” akanijibu bila kuinua kichwa, “maji haitoshake grese.”

Maji hayatoi grisi. Wakemia wa Ulaya walikwama mahali hapo hapo kwa zaidi ya miaka 100, na jibu walilolipata kwanza lilikuwa lile lile la kijana wa Mabanga: kitu cha mafuta kitafutie kitu kinachoelewana na mafuta. Pelletier na Caventou, wafamasia wawili wa Paris, walipotenga kwinini kutoka maganda ya mti wa sinkona mwaka 1820, walitumia alkoholi. Wenye viwanda waliokuja baadaye walitaka kitu rahisi zaidi, na lami ya makaa ya mawe ikawapa benzini. Inayeyusha mafuta, gundi na nta, inakauka upesi, na inanukia vizuri. Hiyo harufu ndiyo iliyowaponza watu. Maabara na viwanda viliizoea benzini kiasi kwamba watu walinawa nayo mikono.

Kahawa ndiyo inayoonyesha vizuri mkasa huu, nasi wa Kivu kahawa tunaijua. Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa Bremen huko Ujerumani, aliamini kwamba baba yake aliuawa na kahawa. Akatafuta njia ya kuondoa kafeini ndani ya buni, akaipata, na mwaka 1906 akaanzisha kampuni ya Kaffee HAG. Buni zilipitishwa kwanza kwenye mvuke ili zivimbe, kisha kafeini ikavutwa kwa benzini. Wanywaji waliokuwa wakiogopa mapigo ya moyo wakanunua kwa furaha. Roselius aliruka majivu akakanyaga moto: mwaka 1928 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za mgonjwa wa saratani ya damu aliyekuwa akifanya kazi na benzini, na tangu hapo ushahidi haukuacha kuongezeka. Leo hakuna anayebisha kwamba benzini huharibu uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kubadilisha kiyeyushi kimoja kwa ndugu yake. Mahali pa benzini ikaja toluini, ambayo ni benzini iliyoongezewa kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni. Kipande hicho ni kama mpini wa jembe: ini linapata pa kushika, linaigeuza toluini kuwa kitu kinachotoka kwa mkojo. Sumu bado ipo, ila si ile ya kuozesha damu. Viwanda vya kwinini vya dunia navyo vilikwenda njia hiyo. Mbinu iliyozoeleka ni kuchanganya unga wa maganda na chokaa kisha kuvuta kwinini kwa toluini au mafuta ya aina hiyo, na Wakivu hawahitaji kwenda mbali kufikiria jambo hilo, kwa kuwa Pharmakina ya Bukavu imeishi kwa maganda ya sinkona tangu miaka ya 1940. Heksani nayo, inayoua neva za miguu na mikono ikivutwa kwa muda mrefu, ina ndugu mwenye kaboni moja zaidi, heptani, anayefanya karibu kazi ile ile bila kuua neva kwa namna hiyo. Tofauti ni kaboni moja tu.

Kahawa yenyewe ilihamia dikloromethani. Haiwaki moto, inachemka kwenye nyuzi 40 tu, hivyo ni rahisi kuifukuza kwenye buni. Miaka ya 1980 majaribio ya panya yakaonyesha saratani. Marekani iliruhusu sehemu 10 tu kwa milioni zibaki ndani ya kahawa iliyokaangwa, na mwaka 2024 shirika la mazingira la nchi hiyo likapiga marufuku matumizi mengi ya kiyeyushi hicho.

Wakati huo jibu tofauti kabisa lilikuwa limeshapatikana, na hapa habari inarudi Goma kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1822 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitia kimiminika na kipande cha jiwe gumu ndani ya mtutu wa bunduki, akauziba, akaupasha moto huku akiutikisa na kusikiliza. Jiwe lilikuwa likichapa maji-maji, chwa, chwa. Joto lilipopanda kupita kiasi fulani, sauti ikanyamaza. Ndani hapakuwa tena na kimiminika wala gesi, bali kitu cha katikati. Mwaka 1869 Thomas Andrews wa Belfast akapima jambo hilo kwa hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksaidi: inafikia hali hiyo kwenye nyuzi 31 na mkandamizo wa takriban mara 73 ya ule wa usawa wa bahari. Mwaka 1879 Hannay na Hogarth wakaonyesha kwamba gesi zilizobanwa namna hiyo huyeyusha vitu vigumu. Kisha habari ikalala kwa miongo mingi.

Aliyeiamsha ni Kurt Zosel, kwenye taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe ya Mülheim, Ujerumani. Miaka ya 1960, akiwa anatafuta mambo mengine, aliona gesi iliyobanwa ikitenganisha mchanganyiko wake vizuri ajabu. Akajaribu hewa ya ukaa kwenye buni zilizoloweshwa. Hewa ile ilipenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika. Ilichukua kafeini, ikaacha sehemu kubwa ya ladha. Ukiiondolea mkandamizo inarudi kuwa gesi, inaondoka, na ndani ya buni haibaki sumu. Kampuni ile ile ya Roselius, iliyoanza na benzini, ikaja kuitumia njia hiyo Bremen.

Nyuzi 31. Goma haifiki huko siku nyingi, lakini Kinshasa ni joto la kawaida la mchana. Na gesi yenyewe tunaijua kwa jina letu. Tunaiita mazuku. Inatoka kwenye nyufa za ardhi ya Nyiragongo na Nyamulagira, na kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inajikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Mbuzi anashuka kunywa maji, harudi. Mtoto anamfuata mbuzi. Mtu wa pwani akisikia jina hilo atakumbuka mzuka, na hatakuwa amekosa sana. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wameliokota neno hilo la Kiswahili na kulitia kwenye maandishi yao. Ziwa Kivu lenyewe limeficha ndani ya maji yake ya chini takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa, pamoja na 60 hivi za methani. Kwa hiyo kinachomlinda mnywaji wa kahawa Ulaya ndicho kinachoua mbuzi wetu. Kemia haijui wema wala ubaya. Inajua kiasi, mahali na chombo.

Pareto imepita njia hiyo hiyo. Milima ya Kivu ilipandwa maua hayo meupe enzi za Wabelgiji. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1969 Rwanda ilikata maelfu ya hekta za msitu wa mbuga ya Volkano ili kuyapanda. Dawa ya wadudu iliyo ndani ya ua huvutwa kwa heksani, kisha uji mweusi unaopatikana husafishwa, na viwanda kadhaa siku hizi husafisha kwa hewa ya ukaa iliyobanwa. Dawa inayosifiwa kuwa ya asili huvutwa kwa sumu ya neva. Wasifiaji hawalitaji hilo.

Mwaka 1998 Wamarekani Paul Anastas na John Warner waliandika kanuni 12 za kile kilichoitwa kemia ya kijani, na ya tano inahusu viyeyushi: visitumike pale inapowezekana, na vikitumika visiwe na madhara. Nazikubali, ila nina neno. Mtambo wa hewa iliyobanwa ni chuma kinene, pampu, na umeme usiokatika. Mwambie hayo mwalimu wa kemia wa Goma mwenye meza moja, chupa sita na darasa la wanafunzi 60, atakucheka. Yeye anahitaji vitu vya dukani: alkoholi ya kawaida (ethanoli) badala ya methanoli, asetati ya ethili badala ya dikloromethani, maji pale yanapotosha. Alkoholi yenyewe haiwezi kutushinda watu tunaopika pombe ya kanyanga, ingawa ya maabara hukenekwa zaidi na haiendi kooni.

Wala si kwamba gesi ya volkano haiuziki. Kereita, kaunti ya Kiambu nchini Kenya, kampuni ya Carbacid inachota hewa ya ukaa ardhini. Rungwe, Tanzania, TOL Gases inafanya vivyo hivyo, na sehemu ya gesi hizo inaishia ndani ya soda. Ya kwetu inapanda bure.

Nirudi kwenye beseni. Esanse ina benzini ndani yake, ile ile ya Roselius. Umoja wa Ulaya uliibana isizidi asilimia 1 tangu mwaka 2000, na hiyo ni kwa ajili ya moshi na mvuke wake, sembuse mtu anayenawia. Kijana alisema kweli kuhusu maji, lakini mafuta ya kula huishinda grisi. Vijana wa garaji za Mabanga, pakeni mawese mikononi, sugueni kwa mchanga mwembamba wa mawe yetu, ndipo mmalizie kwa sabuni na maji. Esanse iacheni kwenye tangi.