Jicho Lililochelewa

Nilipokuwa na miaka tisa, nilipasuliwa mtoto wa jicho mjini Homa Bay. Weupe ulikuwa kwenye mboni ya kushoto tangu uchanga, lakini tuliambiwa, "Ngojeni akue kidogo." Tulitoka Migori alfajiri, tukapita Awendo na Rongo, Dani akinishika mkono njia nzima. Bandeji ilipotolewa, jicho lilikuwa safi kabisa. Lakini herufi za ukutani? Ukungu tu. Nikabadilisha miwani mara ngapi sijui, ukungu ni ule ule.

Kwa miaka nilidhani upasuaji ulienda vibaya. Kumbe jibu lilikuwepo kitambo. Mwaka 1963, Kenya ikijipatia uhuru, David Hubel na Torsten Wiesel, watafiti wa Harvard, walichapisha habari za paka wachanga walioshonwa kope za jicho moja kwa wiki kadhaa. Kope zilipofunguliwa, jicho lenyewe lilikuwa zima. Ila kwenye ubongo, karibu seli zote za kuona ziliitikia jicho lile lingine tu. Paka mkubwa akifungwa vivyo hivyo, hapati hasara hiyo.

Unaweza kusema basi, kisichotumika hufa. Lakini mwaka 1965 walieleza kilichotokea macho yote mawili yalipofungwa. Ungetarajia hasara maradufu, sivyo? Seli nyingi bado ziliitikia. Hapo ndipo walipoona haya ni mashindano. Nyuzi za neva kutoka kila jicho hugombea nafasi kwenye seli zile zile. Zinazoleta habari huongeza matawi, zilizonyamaza hunyang'anywa. Kazi yao ilichangia kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Dani, mkulima wa miwa, angeelewa bila maabara. Acha shamba miaka tisa uone kama jirani hatasogeza mpaka. Ukirudi, jembe lako ni zima, ila hakuna pa kulima.

Mwaka jana dada yangu alijifungua. Mboni ya mtoto ina weupe. Akaniambia, "Si tungoje akue?" Nikasema hapana, twende wiki hii.

Amepasuliwa. Sasa ana miwani, na kila siku jicho zima linazibwa kwa saa kadhaa ili lile dhaifu lipate zamu. Analia, anavuta kile kitambaa. Namshika mkono, kama Dani. Mpaka bado haujahama.