Kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo: tuzisikilizeje hadithi za asili ya mji?

Msimuliaji akisema "Paukwa!" nanyi mkajibu "Pakawa!", mmekubaliana kwamba mnaingia katika hadithi. Lakini zipo hadithi ambazo wazee wa pwani yetu huzisimulia bila paukwa, kwa sababu wanazihesabu kuwa historia. Hizo ni habari za asili ya mji: nani alitangulia, nani alimkuta nani, na ardhi ikawa ya nani.

Mfano wa Kilwa

Ukitoka Mtwara kwenda kaskazini, ukapita Lindi, utafika Kilwa. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema majahazi saba yalitoka Shirazi yakiwa na baba na wanawe sita. Mmoja wao alishuka Kilwa Kisiwani, akamkuta mtawala mwenyeji, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mwenyeji akahamia bara, huku akipanga kurudi kupigana maji yakipwa. Mgeni akachimba mkondo, watu wasiweze tena kuvuka kwa miguu.

Mbona inafanana na nyingine?

Hadithi ya kale ya Carthage, Afrika Kaskazini, inamtaja Malkia Dido. Aliomba ardhi ya kuenea ngozi ya ng'ombe mmoja, kisha akaikata ngozi nyuzi nyembamba akazungushia kilima. Ufaransa nako, kitabu cha Mélusine cha miaka ya 1390 kina hila hiyohiyo kwa ngozi ya paa. Idadi ya saba na ardhi inayopimwa kwa kuzungushiwa kitu ni mitindo ya wasimulizi wa zamani.

Je, ni uongo?

Si lazima. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba Kilwa miaka ya 1960 wakiongozwa na Neville Chittick. Waligundua kuwa watu waliishi pale tangu takriban mwaka 800, kabla ya ukoo huo kutawala. Hadithi yenyewe inakiri: mwenyeji alikuwapo. Nguo zinatetea haki ya mgeni, kwamba alilipa. Mpango wa kurudi unatunza manung'uniko ya mwenyeji.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukimrekodi mzee kwa simu akieleza asili ya kijiji chenu, muulize: Nani alikuwapo kabla? Alipewa nini? Na wazao wake wanaisimuliaje? Kisha warekodi na hao.