Mbiu Isiyo na Jambo: Kengele, Wauguzi na Watoto Wachanga Kisiwani Mombasa

Uchovu wa kengele ni istilahi ya wataalamu wa uuguzi inayoeleza hali ya sikio na akili kuzizoea sauti za mashine za hospitali hata zikakosa nguvu ya kumshtua anayezisikia, ilhali moja kati ya sauti hizo huenda ndiyo inayotangaza kwamba mtoto ameacha kupumua. Hali hii huandikwa zaidi kama tatizo la mitambo na la miaka ya karibuni, lakini ikitazamwa kutoka kisiwa cha Mombasa hubainika kuwa ni sehemu ya historia ndefu zaidi, nayo ni historia ya nani aliyewekwa kumwangalia mtoto mchanga, na watoto wangapi kwa wakati mmoja.

Miji ya Pwani iliishi na ishara za sauti karne nyingi kabla ya umeme. Mbiu, yaani pembe la mnyama lililopigwa ili kuwakusanya watu au kutangaza amri, ndiyo iliyozaa methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na nguvu yake haikutokana na ukali wa sauti bali na uchache wake, kwa kuwa haikulia ovyo wala haikulia bila mtu aliyejua kwa nini ameipiga. Mbiu ambayo ingelia kila baada ya dakika chache, mara tisa katika kumi bila sababu, isingemtoa mtu barazani.

Katika nyumba za Mji wa Kale, kazi ya kumwangalia mtoto mchanga iliendeshwa ndani ya arubaini, yaani zile siku 40 baada ya kujifungua ambamo mzazi, kwa maana ya mwanamke aliyejifungua, hakutoka nje. Mtoto aliadhiniwa sikioni, akatiwa wanja usoni dhidi ya jicho baya, naye mzazi akakandwa kwa maji ya moto na kupikiwa vyakula vya kumrudishia nguvu, huku mkunga, bibi, shangazi na jamaa wengine wakipokezana zamu kando ya kitanda. Mtoto hakuachwa peke yake, na ikilazimu aachwe kwa muda mfupi, kisu kiliwekwa karibu naye ili kumkinga na viumbe wasioonekana. Msomaji wa leo anaweza kuipuuza imani hiyo, lakini utaratibu uliofungamana nayo ulikuwa na matokeo yanayopimika: mtoto mmoja alizungukwa na macho ya watu kadhaa, na aliyebadilika rangi au kunyamaza isivyo kawaida alionekana upesi. Hata hivyo haifai kuzipamba zama zile, kwa sababu kumwona mtoto akififia si sawa na kuweza kumsaidia, na wengi waliozaliwa kabla ya miezi kutimia walizikwa kabla ya arubaini yao kutimia.

Hospitali ilibadilisha hesabu hiyo ya macho mengi kwa mtoto mmoja. Katika utawala wa Gavana Edward Grigg, aliyeiongoza Kenya kuanzia 1925 hadi 1930, mkewe alianzisha jumuiya ya kusaidia uzazi na malezi ya watoto na kufundisha wakunga, na jina lake, Lady Grigg, likabaki kwenye jengo la uzazi la hospitali kuu ya serikali ya Mombasa. Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa mwaka 1944 na ile ya Pandya mwaka 1947. Wodi ilileta usafi, dawa na ujuzi, lakini pia ilileta mpangilio ambao nyumba za Kibokoni na Mkanyageni, mitaa ya Mji wa Kale, hazikuujua, wa watoto wengi kuwekwa chini ya muuguzi mmoja huku jamaa wakingoja saa ya kuruhusiwa kuingia.

 

Mashine zilizokuja baadaye zilibuniwa kwingineko duniani. Stéphane Tarnier aliingiza inkubeta, yaani sanduku la kumhifadhia mtoto joto, katika hospitali ya uzazi ya Paris mwanzoni mwa miaka ya 1880, akiiga vyombo vya kuangulia vifaranga. Louis Gluck alifungua chumba cha watoto wachanga mahututi katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1960, na miaka mitatu baadaye kifo cha Patrick Kennedy, mwana wa rais wa Marekani aliyezaliwa kabla ya wakati na kuishi siku mbili tu, kiliwahimiza watafiti kuyashughulikia mapafu machanga. Lakini aliyeleta sauti inayojadiliwa hapa ni Takuo Aoyagi wa Japani, aliyebuni mwaka 1974 njia ya oksimita, kifaa kinachopima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga kwenye kidole au unyayo. Kifaa hicho kiliokoa wengi, ila hakijui kutofautisha mtoto anayezimia na mtoto anayerusha mguu, kwa hiyo kihisio kikilegea, ngozi ikipoa au mtoto akilia, kengele hulia vilevile. Mtoto njiti anayepewa oksijeni ana mipaka miwili, wa chini kwa ajili ya ubongo na wa juu kwa ajili ya macho, kwa maana oksijeni ikizidi huweza kumpofusha, na nafasi kati ya mipaka hiyo ni finyu kiasi kwamba mtoto huivuka mara nyingi kwa siku na kurudi mwenyewe.

Mwaka 2013 Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali za Marekani, ilitoa onyo kwamba kati ya asilimia 85 na 99 ya kengele hazikuhitaji hatua yoyote ya kitabibu, na kwamba kati ya Januari 2009 na Juni 2012 iliarifiwa matukio 98 yaliyohusu kengele, 80 kati yake yakiishia kwa kifo. Mapendekezo yaliyofuata ni ya kawaida: kupanga mipaka kulingana na mtoto, kuichelewesha kengele kwa sekunde chache ili badiliko la kupita lisihesabiwe, kubadilisha vihisio kabla havijachakaa, na kutaja mapema ni nani anayepaswa kuitikia.

Mapendekezo hayo yaliandikiwa wodi zenye wauguzi wa kutosha, na hapo ndipo Mombasa inapotofautiana. Mwongozo wa Uingereza hutaka muuguzi 1 kwa kila mtoto aliye mahututi. Nchini Kenya, ada za kujifungua katika hospitali za umma zilifutwa Juni 2013, mwaka uleule ambao kaunti zilikabidhiwa huduma za afya, na idadi ya wanaojifungulia hospitalini ikaongezeka kabla idadi ya wauguzi haijafuata. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa takriban miezi mitano. Mpango wa NEST360, ulioanza mwaka 2019 katika nchi nne za Afrika, Kenya ikiwamo, umeleta vifaa vya watoto wachanga pamoja na mafundi wa kuvitunza, jambo jema lisilopingika, lakini kila kifaa kipya huja na sauti yake. Umeme ukikatika, mashine za kuchuja oksijeni hulia zote kwa pamoja kwa sababu ndivyo zilivyoundwa. Katika Marekani uchovu hutokana na mashine nyingi kumzunguka mtoto mmoja. Hapa hutokana zaidi na watoto wengi kumzunguka muuguzi mmoja, na kulichukua suluhisho la kwanza na kulibandika kwenye tatizo la pili ni kosa ambalo wapangaji wa afya hulirudia.

Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulielekeza njia nyingine. Watoto wenye uzito mdogo walilazwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, mama akiwa na kitanda chake ndani ya chumba cha mahututi, na mama asipoweza, mtu mwingine alishika nafasi yake. Vifo vikapungua kwa robo. Familia za Mombasa, zilizozoea zamu za arubaini, zisingeshangazwa na kupokezana huko. Hata hivyo mama aliyelazwa chumbani humo bado anahitaji kitanda, chakula na usingizi, na anapomwona mtoto akibadilika rangi humwita muuguzi, ambaye lazima awepo karibu, akiwa na mikono isiyoshika watoto wengine kumi.