Bruce Lee, na Njia Kung Fu Iliyopitia Hata Kutufikia

 

Bila shaka umepata kuona watoto wakirushiana mateke uani, penye mikeka ya kahawa, na mmoja wao akijiita Bruce Lee. Ukiwauliza huyo alikuwa nani, mmoja atasema hakupata kushindwa na mtu, mwingine atasema aliuawa kwa pigo la siri. Hayo ni masimulizi tu. Leo tutazame historia.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940. Baba yake alikuwa mwigizaji wa michezo ya kuimba ya Kichina, naye alikuwa safarini huko kwa kazi yake. Mtoto akalelewa Hong Kong, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Waingereza. Alicheza sinema tangu utotoni, na alipokuwa kijana alijifunza kupigana kwa mwalimu Ip Man. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya kucheza dansi ya cha-cha. Kumbe wepesi ule wa miguu ulikuwa na shule mbili!

Mwaka 1959 wazazi walimpeleka Marekani. Huko Seattle alisoma Chuo Kikuu, akafundisha kung fu. Mwanafunzi wake wa kwanza, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi. Jambo hilo litie moyoni: Lee hakuuliza rangi ya mtu, aliuliza kama yuko tayari kujifunza.

Katika sinema mambo hayakuwa rahisi. Mwaka 1966 na 1967 alicheza katika televisheni kama Kato, mtumishi na dereva wa bwana wake Mzungu. Mwaka 1970 aliumia mgongo vibaya, akalala kitandani miezi kadhaa. Waganga wakamwambia huenda hatapiga teke tena. Siku zile alizitumia kusoma na kuandika mawazo yake juu ya upiganaji. Kisha ukatengenezwa mchezo wa televisheni juu ya mpiganaji wa Kichina katika Marekani. Lee alifikiriwa, lakini nafasi ile akapewa David Carradine, Mzungu.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lee alirudi Hong Kong. Mwaka 1971 akacheza The Big Boss. Mwaka 1972 Fist of Fury, na The Way of the Dragon. Kila moja ilivunja rekodi ya mapato iliyowekwa na ile iliyotangulia.

Katika Fist of Fury yuko Shanghai, mbele ya lango la bustani lenye kibao kinachokataza mbwa na Wachina. Analipasua bango kwa teke. Bustani ya namna hiyo ilikuwako kweli, na Wachina hawakuruhusiwa kuingia mpaka mwaka 1928. Watu waliopata kuishi chini ya bendera ya kigeni, kama wazee wetu kabla ya Desemba 1961, walilielewa teke lile bila mkalimani.

Tarehe 20 Julai 1973 Lee alifariki Hong Kong kwa kuvimba ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 32. Enter the Dragon, picha iliyompa sifa duniani kote, ilianza kuonyeshwa mwezi uliofuata. Hakuiona sifa ile. Nasi twakumbuka kwamba 1973 ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya redio vilipokusanyika nchini mwetu.

Sasa vuka mpaka pale Mutukula, uende mpaka Kampala. Katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alianza kutengeneza sinema mwaka 2005. Bunduki zake ni za mbao na vyuma chakavu. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, na husemwa kwamba gharama yake haikuzidi dola 200. Ndani yake yumo mpiganaji ajiitaye Bruce U, ambaye pia amewafundisha kung fu watoto wa mtaa. Sauti ya mtu mmoja huisimulia picha na kutania wachezaji, kazi ambayo hapa Tanzania ilimpa jina Lufufu.

Basi ona jinsi jambo lilivyosafiri: kutoka Hong Kong hadi Seattle, likarudi Hong Kong, likaja mpaka kando ya ziwa letu. Waliolipokea hawakungoja mali. Walianza na walichokuwa nacho.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Kwa nini Lee alipata heshima Hong Kong kabla ya kuipata Marekani?
2. Je, Bukoba au Muleba kuna hadithi gani inayofaa kutengenezewa sinema, na nani ataisimulia?
3. Taja jambo moja watu wasemalo juu ya mtu mashuhuri wa kwenu. Utajuaje kama ni historia au masimulizi?